Kabati la Jikoni Likivimba, na Nyumba Si Yako

Dalili ya kwanza huwa ndogo. Mlango wa kabati chini ya sinki unaanza kugoma kufunga, au ukipitisha kidole kwenye ukingo wake wa chini unahisi kitu kimeinuka. Baada ya muda ganda jeupe linajikunja, ndani kunanuka uvundo, na ukiweka dumu la mafuta ya kupikia kwenye sakafu ya kabati ubao unabonyea. Kwa mpangaji wa Nateete, hapa Kampala, maswali mawili huja pamoja: nitengenezeje, na nani analipa? Wengi hukimbilia la kwanza. Mimi naanzia kwenye la pili, kwa sababu ndilo linaloamua utumie kiasi gani, ukate wapi na uache wapi. Kabla ya hapo, lakini, tujue kitu chenyewe kilichovimba na maji yaliyokivimbisha yanatoka wapi.

Makabati mengi ya nyumba za kupanga zinazojengwa siku hizi Kampala si mbao. Ni chipubodi: chembe za mti zilizochanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto na nguvu nyingi mpaka zikawa ubao, kisha ubao ukavikwa karatasi ngumu ya melamini juu na chini. Mengine ni ya emdiefu, ambayo ni nyuzinyuzi laini badala ya chembe. Ya bei ya juu hubandikwa fomaika. Ganda hilo halipitishi maji; mwaga chai juu yake, futa, imekwisha. Balaa liko kwenye kingo, kwenye matundu ya skrubu na pale ubao ulipokatwa ili bomba lipite, maana hapo uko uchi. Gundi ya bodi za kawaida ni ya yuria na fomaldehaidi, nayo haielewani na maji. Yakipenya, chembe zilizokuwa zimebanwa kiwandani zinatanuka, gundi inaachia, na ubao wa milimita 18 unanenepa. Hata ukikauka kabisa hausinyai ukarudi ulivyokuwa. Ni kama andazi lililochovywa kwenye chai: litakauka, lakini haliwi tena andazi lile. Fundi akikuahidi kwamba ataukandamiza ubao uliovimba mpaka ulale, muulize amewahi kuonana na ubao huo mwaka mmoja baadaye.

Nateete ina jambo lake na mbao. Alexander Mackay, mhandisi aliyetumwa na shirika la kimisionari la CMS na kufika Buganda mwaka 1878, alikuwa na karakana yake hapahapa. Zilizopita mikononi mwake zilikuwa mbao za kweli, ambazo zikilowa unazianika, unazipiga randa, unaendelea na kazi. Ujuzi huo wa seremala wa zamani ndio unaowapotosha watu mbele ya chipubodi. Huwezi kuipiga randa ikapona.

Basi, maji. Usimwite seremala kabla hujamalizana nayo, la sivyo utalipa mara mbili. Na kabla hujamwita hata fundi bomba, angalia kabati linalowa saa ngapi, kwa sababu muda unasema mengi. Likilowa hata usiku ambao hakuna aliyegusa sinki, anayevuja ni mrija wa kuleta maji, kwani huo una presha saa zote. Likilowa baada ya kuosha vyombo tu, shida iko kwenye bomba la kutolea, aghalabu pale linapopinda au kwenye washa iliyo chini ya tundu la sinki. Na likiwa limelowa juu na mbele huku mabomba ni makavu, maji yanapita kwenye mpaka wa sinki na kaunta, mahali silikoni ilipokufa.

Kipimo chake hakina gharama. Kausha mabomba yote kwa kitambaa, zungushia kila kiungo kipande cha tishu, jaza sinki hadi juu, kisha chomoa kizibo yaende yote kwa mpigo. Maji machache ya kunawia mikono hayalijaribu bomba la kutolea. Sinki zima linalijaribu. Tishu itakayolowa kwanza ndiyo mshitakiwa. Kama unashuku mrija wa kuleta, funga koki zote za nyumba na utazame mita ya maji: ikizunguka, kuna mahali yanakwenda. Hapo lazima uwe na mita yako, au jirani zako mnaotumia mita moja wakubali kufunga zao kwa dakika chache.

Kuna chanzo kingine kinachojulikana na kila aliyeishi Kampala. Maji yanakatika mchana, mtu anafungua koki, haoni kitu, anaondoka bila kuifunga. Usiku wa manane maji yanarudi, sinki lina sahani na maganda ya matoke yameziba tundu, na asubuhi kabati zima linaogelea. Hapo hakuna fundi wa kulaumiwa, wala mwenye nyumba. Mengine huletwa na madumu tunayohifadhia maji humo humo kabatini: dumu lenye ufa mdogo au mfuniko usiokaza linaweza kuozesha sakafu ya kabati polepole. Madumu yawekwe nje ya kabati, juu ya sakafu ya saruji.

Ukuta nao hutoa maji, hasa ukipakana na bafu la jirani. Bandika kipande cha nailoni kwenye ukuta nyuma ya kabati, ukizibe pande zote kwa selotepu, ukiache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Ukikuta upande wa nje, ni mvuke wa jikoni tu, na dawa yake ni kufungua dirisha wakati wa kupika.

Halafu kuna maji ya mafuriko, ambayo ni habari nyingine kabisa. Sehemu kubwa ya Nateete iko bondeni, mfereji wa Nalukolongo unapita hapo, na mvua za Machi hadi Mei au zile za mwisho wa mwaka zikishuka kwa nguvu, Barabara ya Masaka yenyewe hugeuka mto. Maji hayo yamepita kwenye vyoo na mitaro. Chipubodi ikishayanywa, usihangaike kuiokoa. Hakuna dawa inayofika katikati ya ubao ule. Vaa glavu, vunja sehemu iliyozama, tupa. Milango na rafu za juu ambazo maji hayakuzifikia zinaweza kuoshwa kwa sabuni, kisha kupanguswa kwa jiki iliyochanganywa na maji. Jiki usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa hutoa hewa inayochoma mapafu.

Sasa mwenye nyumba. Wapangaji wengi humficha, kwa hofu kwamba atasema umeharibu mali yake na kula amana. Kumficha ndiko kunakompa sababu. Bomba linalovuja ni lake. Ubao uliooza kwa sababu ulinyamaza miezi mitatu unaweza kuwa wako. Siku hiyohiyo unapogundua, funga koki ya chini ya sinki, piga picha kwa karibu na kwa mbali, kisha andika ujumbe wa namna hii:

“Habari za leo, mzee. Leo nimegundua kwamba bomba la chini ya sinki linavuja na ubao wa kabati umeanza kuvimba. Nimefunga koki ili maji yasiendelee. Naomba utume fundi, au uniruhusu nimlete wangu, gharama tukate kwenye kodi ya mwezi ujao. Picha hizi hapa.”

Ujumbe huo ni mfupi lakini umebeba tarehe, umeonyesha kwamba ulizuia hasara isikue, na umempa njia mbili za kuchagua. Akikupigia simu badala ya kuandika, zungumza naye kwa heshima, kisha mwandikie mlichokubaliana: “Asante mzee, kama tulivyosema, nitamlipa fundi na utapunguza kiasi hicho kwenye kodi.” Akijibu “sawa”, inatosha. Usikate kodi kwa uamuzi wako mwenyewe hata kama haki iko upande wako.

Uganda ina Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022, inayomtaka mwenye nyumba atunze jengo liwe la kukalika, na inayotaka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Soma mkataba wako kabla ya kugusa skrubu: mingi inakataza mpangaji kubadilisha kitu chochote kilichofungwa ukutani bila idhini. Kutokuwa na karatasi hakukufanyi usiwe mpangaji, ila kunafanya ule ujumbe wa simu uwe na thamani zaidi. Mkishindwa kuelewana, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ndiye wa kwanza kuendewa, naye atauliza kuhusu ushahidi kabla ya kuuliza nani ana hasira zaidi.

Ukishapata idhini, kausha. Hapa ndipo subira inapohitajika, na ndipo kazi nyingi huharibika. Toa kila kitu ndani. Ng’oa milango kwenye bawaba zake, toa rafu, na kama kuna ubao wa miguuni unaoziba uwazi wa chini, uvute. Mara nyingi umeshikwa kwa vibanio tu, na nyuma yake ndiko maji yanakojificha. Elekeza feni humo. Milango isimamishe kivulini, imeegemea ukuta kwa wima. Jua la mchana hukausha upande mmoja na kuipinda. Katika msimu wa mvua kukauka huchukua wiki moja au mbili, na hakuna njia ya mkato. Ukitaka kujua kama ubao umekauka, tumia tena nailoni na selotepu: ikiamka kavu asubuhi, endelea. Ukiziba kingo za ubao ungali na maji, utakuwa umeyafungia ndani, na ukungu utakushukuru.

Baada ya kukauka, chukua bisibisi na uchome taratibu sehemu zilizovimba. Ikizama bila kushindana na unga ukamwagika, hicho kipande kimekufa. Ikigoma, kipande kina nguvu hata kama hakipendezi, na kukitupa ni anasa. Gonga pia kwa kucha kwenye mabaka yaliyoinuka. Mlio wa utupu maana yake ganda limeachana na ubao lakini ubao wenyewe ni mzima, hilo linagundika. Uvimbe mgumu usiolia ni chembe zenyewe zilizotanuka, na gundi haina la kufanya hapo.

Ganda la fomaika lililoachia ndilo tengenezo rahisi kuliko yote. Safisha vumbi, paka gundi ya mpira pande zote mbili, ubao na ganda, kwa brashi nyembamba. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano mpaka ukiigusa isinate kwenye kidole, kisha bandika na ukandamize kwa gogo lililofungwa kitambaa ukianzia katikati kwenda nje. Gundi ikigusana haikupi nafasi ya pili ya kunyoosha. Gundi hii hushika moto upesi na mvuke wake huenda mbali: sigiri iwe nje na imezimwa, jiko la gesi lifungwe, madirisha yawe wazi. Kwa utepe wa ukingo ulioachia, pasi ya nguo yenye joto la wastani juu ya kitambaa inaweza kuyeyusha tena gundi yake ya kiwandani. Pitisha, kisha kandamiza kwa kipande cha mbao hadi upoe.

Matundu ya bawaba yaliyolegea yajaze njiti za kiberiti zilizochovywa gundi nyeupe ya mbao, zijae kabisa. Acha usiku kucha, kata zilizochomoza, toboa tundu jembamba katikati na urudishe skrubu. Ikiwa lile tundu kubwa la kikombe cha bawaba, la milimita 35, limebomoka, njiti hazitoshi. Weka kipande cha bati gumu la kushikilia bawaba, ambacho maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huwa nacho, au mlango upelekwe kwa fundi mwenye mashine atoboe tundu jipya juu kidogo ya lile la zamani.

Mlango uliovimba ukingo wa chini tu unaweza kukatwa sentimita moja au mbili za sehemu mbovu. Utakuwa mfupi kidogo, na uwazi huo utapitisha hewa, jambo ambalo kabati la sinki linalihitaji. Ukingo mpya usiuache uchi hata siku moja: upake vanishi au rangi ya mafuta mara mbili, ukikausha katikati. Kukata na kupiga msasa kufanyike uani ukiwa umevaa barakoa. Vumbi la bodi hizi lina ile gundi ya fomaldehaidi ndani yake.

Sakafu ya kabati ndiyo inayokufa mara nyingi zaidi, na hapa nina msimamo. Usirudishe chipubodi. Tafuta kipande cha plaiwudi nzuri, au ile marinbodi ya kahawia inayotumiwa na mafundi ujenzi kumwagia zege. Kutoka Nateete unashuka tu na Barabara ya Masaka kuelekea mjini hadi Ndeeba, ambako mbao, bodi na mashine za kukatia viko mlango kwa mlango. Bodi nzima ni futi nane kwa nne, nawe unahitaji robo yake au chini ya hapo, kwa hiyo uliza mabaki kwanza. Nenda na vipimo vilivyoandikwa, si vya kukadiria kwa mikono.

Pima ndani ya kabati, kisha pima pia nafasi ya mlango, kwa kuwa mara nyingi ubao unaoenea ndani haupiti mlangoni. Ukatwe vipande viwili vinavyokutana pale bomba linapopita, kila kimoja kikiwa na nusu ya tundu. Kingo zote, pamoja na duara la bomba, zipakwe rangi ya mafuta kabla ya kuingia. Ubavuni mwa kabati funga papi mbili za mbao ngumu, mvule ukiupata, kisha ubao uulaze juu yake bila kuupigilia. Nasisitiza: bila msumari wala skrubu. Siku bomba likivuja tena, utaunyanyua, utaufuta na kuuanika. Juu yake weka sinia pana la plastiki lenye kingo, ili tone la kwanza lionekane badala ya kunywewa.

Kama mbavu za kabati zenyewe zimeoza miguuni, simama kwanza utazame zimebeba nini. Katika nyumba nyingi za Kampala kaunta ni zege lililomwagwa na kupigwa vigae, limekaa juu ya kuta za tofali, na kabati ni fremu na milango tu iliyopachikwa mbele. Hapo kukata ni salama. Lakini kama juu kuna jiwe la granaiti lililokaa juu ya chipubodi, usikate chochote bila mihimili ya kulishikilia. Hiyo ni kazi ya fundi, na ni gharama ya mwenye nyumba.

Fundi naye usimwachie aamue peke yake, kwani dawa anayoipenda ni kubandika stika mpya juu ya ubao uliooza. Inapendeza siku ya malipo. Mwambie unachotaka kibadilishwe, muulize ukingo utazibwa na nini, na malipo ya mwisho yasubiri hadi sinki lijazwe na kumwagwa mbele yenu. Silikoni ya kuzunguka sinki iachwe saa 24 kabla ya kuguswa na maji, hata kama nyumba nzima italazimika kuosha vyombo kwenye beseni. Risiti zote zipige picha na umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Vipande vya zamani usivitupe kabla hajaviona, kwa sababu mtu akiona unga wa ubao mikononi mwake mabishano ya bei hupungua.

Rangi nayo isibadilishwe. Nyeupe ya kabati la kupanga inaweza kukuchosha, lakini mlango mmoja wa bluu uliopaka kwa mapenzi yako utahesabiwa kama uharibifu siku ya kurudishiwa amana.

Na kuna wakati jibu ni kutotengeneza. Kama mkataba umebakiza miezi miwili, mwenye nyumba hajibu ujumbe na kabati bado limesimama, zuia maji, kausha, tandika nailoni nene kwenye sakafu yake, acha milango wazi usiku na uhifadhi picha zako. Fedha za bodi mpya zitunze kwa gari la kuhamia. Huko uendako, kabla ya kulipa amana, piga magoti jikoni ufungue kabati la chini ya sinki, upitishe mkono kwenye ukingo wa chini wa mlango na mgongoni kwa bomba, halafu mwambie dalali ajaze sinki maji na kuyaachia yote ukiwa bado umepiga magoti hapo.